Ndogo Haina Kishindo

Mama Élysée alifunga na kuomba mpaka mwanawe akapata ruhusa ya kumiliki bastola. Alifanya hivyo kwa moyo wake wote, kwa maji matupu mchana kutwa, bila kujua anaomba nini. Watu wa Troyeville, mtaa wake wa Johannesburg, wakisimuliwa kisa hicho hucheka kwanza. Wakimtazama yeye usoni, wanaacha.

Jina lake ni Godelieve, Mrundi wa Bwiza, Bujumbura, na kazi yake ni cherehani. Cherehani yenyewe iko barazani, kwenye nyumba iliyopakana ukuta mmoja na jirani, katika mtaa unaopanda kilima utadhani ulijengwa kwa ajili ya mbuzi. Anashona sare za shule, kanzu za kwaya, na magauni ya wanawake wa Kikongo ambao hunenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuvaa, halafu lawama zote zinamwangukia fundi. Naye hawaachii. Ana ulimi mkali na hajali ni nani anausikia. Ni mjane wa siku nyingi mwenye mtoto mmoja tu, huyo Élysée, mwanamume wa miaka thelathini sasa, anayefanya kazi katika kampuni ya bima huko Sandton, ambaye kila jioni anarudi kula na kulala kwa mama yake.

Kanisani kwao kundi la akina mama lina desturi yake. Mtoto akiwa na jambo zito analolitaka kwa Mungu, hamwambii mama yake ni jambo gani. Anasema tu, "Nina hitaji." Mama analipokea likiwa hivyohivyo, halijafunuliwa, analifungia na kuliombea, na haulizi. Wanaamini kwamba anayeuliza huharibu, kwa sababu akishajua ataanza kumpangia Mungu namna ya kujibu. Godelieve alikuwa ameona kazi, viza na mimba zikija kwa njia hiyo, na hakuwahi kuitilia shaka hata mara moja.

Basi Élysée alipoketi mezani jioni moja akasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, niko na hitaji," Godelieve aliinamia sahani ili asionekane anatabasamu. Alijua, au alidhani anajua. Kulikuwa na msichana aitwaye Murielle, msusi wa Bezuidenhout Valley, Mkongo mwenye adabu zake, ambaye Élysée alikuwa akimsindikiza kwao kila Jumapili baada ya ibada. Hitaji lingekuwa jingine lipi? Mwanamume wa umri ule anayekula kwa mama yake ana hitaji moja tu, na Godelieve alikuwa amelingojea kwa miaka.

Alifunga kwelikweli. Ilikuwa msimu wa sare, wazazi wamejipanga barazani, na yeye kichwa kinamzunguka mpaka anajichoma sindano. Jeannine, rafiki yake wa kundi la maombi, alimletea uji akaukataa.

"Utatufia hapa," Jeannine akamwambia. "Na harusini atacheza nani?"

Godelieve alicheka. Kabatini alikuwa ameshaficha kitambaa cha rangi ya dhahabu, cha gauni la mama wa bwana harusi, na mfano wake alikuwa nao kichwani.

Tena aliona dalili. Tangu utoto wake Élysée hakuweza kulala gizani. Mtu mzima na ndevu zake, na tai ya ofisini, alilala taa ikiwaka, na Godelieve alikuwa amezoea kuuona ule mwanga chini ya mlango kila alipoamka kwenda chooni. Katika miezi ile ya kufunga mwanga ulitoweka. Alisimama kwenye korido akashukuru kwa Kirundi, lugha anayoitumia kwa mambo asiyotaka yachafuke. Alisema moyoni kwamba mapenzi yamemponya mwanawe, na kwamba kazi iliyobaki kwa Mungu ni ndogo.

Jumamosi moja adhuhuri Élysée aliingia na keki. Jeannine alikuwapo, amesimama katikati ya sebule na mkono mmoja wa gauni bado umeshikizwa kwa pini.

"Mama," Élysée akasema, "limejibiwa."

Jeannine alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka chini ya mtaa. Godelieve akamkumbatia mwanawe kiunoni, maana shingoni hamfikii, na machozi yakaanza kumtoka.

"Lini?" akauliza.

"Lini nini?"

"Tunakwenda kwao lini?"

"Kwao nani?" Élysée alimwangalia mama yake, akamwangalia na Jeannine. "Mama, ni polisi. Polisi wamenipitisha. Nilifanya kozi, nikafaulu mtihani, wakanichunguza mpaka wakachoka. Sasa ninaruhusiwa kuwa na bastola."

Vigelegele vya pili vilikuwa vimeshafika kooni kwa Jeannine, akavimeza. Walisimama kama watu waliokuja na zawadi ya harusi wakakuta msiba.

"Si ya kupigana," Élysée akaendelea haraka. "Ni ya mchezo. Tuna klabu, watu wa ofisini, wanaume kwa wanawake, tunakwenda kupiga shabaha. Tunapiga karatasi tu. Eish, mama, usinitolee macho hivyo."

Jeannine alikumbuka ghafla kwamba ana kitu jikoni kwake. Aliondoka na pini zake begani, na kipande cha keki kwenye karatasi.

Godelieve alikaa. Alimkasirikia Mungu kwanza, halafu kundi la akina mama na desturi yao, kisha hasira ikaishia kwenye keki, ambayo aliisukuma mpaka ukingoni mwa meza.

"Baba yako alikufaje?" akauliza.

"Alipigwa risasi dukani. Najua, mama. Ndiyo sababu." Élysée alikaa mbele yake na kuiweka mikono yake mikubwa mezani. "Niliogopa kitu hicho maisha yangu yote. Mtu akifunga mlango wa gari kwa nguvu, mimi moyo unasimama. Wenzangu wakanichukua huko siku moja, na siku hiyo nilitapika nyuma ya gari. Lakini nilirudi. Yule mwalimu akanishikisha polepole, akanionyesha inafunguka vipi, inafungwa vipi, kwamba ni chuma tu. Sasa nazima taa. Hujaona? Nazima taa na nalala."

Godelieve alikuwa ameona.

"Nimebakiza kuchagua," mwanawe akasema. "Ziko mbili, za silinda inayozunguka, moja ndogo na moja ya zamani. Wewe ndiye uliyeomba, kwa hiyo nataka tuchague pamoja. Ukisema hapana, naacha kabisa, na sitakuuliza kwa nini. Nakuapia."

Hapo ndipo penye uchungu, na ili uchungu huo ueleweke lazima turudi Diepsloot, kitongoji cha mabanda nje ya jiji.

Élysée alipokuwa darasa la kwanza wazazi wake walikuwa na spaza kule Diepsloot, duka la mabati lenye dirisha la nondo mbele na chumba kimoja nyuma ya pazia, ambamo waliishi. Baba yake, Théodore, alikuwa mtu mpole mpaka anaudhi. Watoto wadogo hawakulifikia dirisha, kwa hiyo aliwafungulia mlango wa pembeni waingie wachague peremende wenyewe. Mkewe alimkataza mara chungu nzima. Mchana mmoja mtu mwingine aliingia kwa mlango huo, akampiga Théodore risasi, akaondoka na sigara na kadi za simu. Élysée alikuwa shuleni. Mama yake alikuwa Mayfair, kwa Wasomali wa maduka ya jumla, akinunua bidhaa. Hivyo ndivyo alivyowaambia polisi, ndugu za Théodore kule Bujumbura, mchungaji, na mtoto wake alipofikia umri wa kuambiwa.

Hakuwa Mayfair. Alikuwa nyuma ya pazia, amemnunia mumewe tangu asubuhi kwa sababu ya mlango huohuo. Alisikia kitu. Kama ungekuwa mlio wa bunduki angeutambua, maana alitoka Bujumbura ya vita, na bunduki za kule zilitetemesha vyombo kabatini. Hiki kilikuwa kidogo, kikavu, kama ubao mwembamba uliokatika, au kreti ya soda iliyoteleza ikagonga sakafu. Akasema moyoni, ataiokota mwenyewe. Akaendelea na kazi zake, na kununa kwake.

Alipotoka alimkuta Théodore amekaa chini, ameegemea friji, macho wazi. Damu haikuonekana. Alidhani amezimia, akamgombeza, akamwagia maji usoni. Tundu lenyewe aliliona baadaye alipomfungua shati, chini ya titi la kushoto, dogo kiasi kwamba kifungo cha shati hilo kingelifunika. Polisi mmoja kijana aliliangalia akasema hiyo ni ishirini na mbili, bastola ya kupigia panya. Godelieve hajui kama kijana yule alikuwa na mama.

Kwa hiyo alichokuwa akikilinda miaka yote hiyo hakikuwa kifo cha Théodore. Kifo kila mtu alikijua. Alichokilinda ni kwamba Théodore alikaa pale sakafuni, na mkewe yuko hatua chache nyuma ya kitambaa, na mkewe hakutoka. Élysée akilijua hilo, Godelieve aliamini, hatamwita tena mama kwa sauti ileile. Na mama asingekuwa na haki ya kumlaumu.

Aseme nini basi? Hapana? Amesema hapana tangu mtoto yule akiwa mdogo: hapana kwa mpira wa uwanjani, hapana kwa safari za shule, hapana kwa baiskeli, hapana kwa kulala kwa marafiki. Amemlea mwanamume wa kukaa ndani, halafu anashangaa haoi. Sasa huyo mwanamume amepata kitu kimoja kinachomwezesha kulala gizani, na amekuja kukiweka mikononi mwa mama yake. Godelieve alizunguka na jambo hilo wiki nzima, akashona kola mbili kinyume, akakata shauri. Atakwenda. Ataonyeshwa hizo mbili, atanyooshea kidole yoyote, atarudi kwenye cherehani yake.

Klabu iko nje ya mji upande wa magharibi, nyuma ya kilima cha mchanga wa mgodi. Ukiingia getini unaandika jina, unapewa miwani ya plastiki na vizibo vikubwa vya masikio, na unaambiwa usiguse chochote. Godelieve alivaa kitenge chake kizuri na kilemba, maana hata penye bastola mtu hawezi kwenda kama mtu asiye na kwao. Alishangaa kuona familia zimekaa kwenye meza za mbao, wanakula soseji, na watoto wanakimbizana kwenye nyasi, huku ng'ambo ya ukuta milio inarindima.

"Shikamoo, mama," mtu mmoja akamwambia.

"Marahaba," akajibu kabla hajashtuka.

Alikuwa Yasini, mtu wa Tanga, msaidizi wa pale klabuni, kofia ya kitambaa kichwani na kitambi mbele. Alikuja Johannesburg kutafuta udereva, akapata kibarua cha kuokota maganda ya risasi, na wenye klabu walipoona ana mkono mtulivu wakamweka kuwaelekeza wageni. Kwa siku nyingi hakuwa amepata mtu mzima wa kusema naye Kiswahili, na sasa alipompata hakuwa tayari kumwachia.

"Kumbe huyu Élysée ana mama wa kwetu, na hajatuambia. Karibu sana. Njoo nikuonyeshe maharusi wenyewe." Godelieve alikunja uso kwa neno hilo, lakini Yasini hakuona.

Aliwapeleka kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Bastola mbili zilikuwa zimelazwa hapo, silinda zimefunguliwa, tupu.

"Hii ndogo ni ishirini na mbili," Yasini akasema. "Mpya, nyepesi, inang'aa. Tazama risasi zake zilivyo nyembamba, unaweza kushika konzi nzima na usihisi uzito. Baruti yake ya kuwashia imepakwa kwenye ukingo wa kitako, hapa, inazunguka pembeni, na nyundo inagonga huo ukingo. Mara mojamoja inagoma. Ukigonga mahali palipopakwa vibaya, haiwaki, unasubiri, unaitoa. Huo ndio ugonjwa wake, na ganda lake likishapigwa ni la kutupa. Lakini risasi zake ni za bei nafuu, haichoshi mkono, unapiga tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana na bega halikuumi. Kila anayejifunza ninamwanzisha nayo."

"Na hii?"

"Ah, hii." Yasini aliinua ile nyingine kwa mikono miwili. "Hii ni thelathini na nane, ya zamani, imetengenezwa mimi sijazaliwa. Mwenyewe mzee mmoja, mwanachama, amehamia kwa wajukuu zake ng'ambo, ameiacha iuzwe. Ona chuma kilivyopauka hapa mbele kwa kuingia na kutoka kwenye ala ya ngozi. Mpini wa mbao. Risasi yake inagongwa katikati ya kitako, hiyo haigomi. Ukivuta nyundo kwa kidole gumba kwanza, kifyatulio kinakuwa chepesi, unagusa tu. Ukitaka kuivuta yote kwa kidole kimoja ni nzito, lazima ujue unachokifanya. Wenye kuupenda mchezo huu wanapenda za namna hii. Ila ina kishindo, mama, na inapiga teke."

"Ipi inaua?" Godelieve akauliza.

Yasini alicheka. "Mama, hapa tunapiga karatasi."

"Nimesikia. Nimeuliza ipi inaua."

"Mama, tafadhali," Élysée akasema.

"Zote zinaua, mtu akiwa mzembe," Yasini akasema, ameacha kucheka sasa. "Lakini hii ndogo, wallahi, hii ni ya makopo. Ya makopo na panya."

Godelieve aliyakumbuka maneno hayo. Alijikaza. Alikuwa amekuja kunyoosha kidole tu, na kidole alikuwa nacho.

Walimsimamisha nyuma ya kioo kinene, pamoja na watu wengine wasiopiga. Élysée alianza na ile ya zamani. Alisimama miguu imeachana kidogo, mikono miwili mbele, akavuta nyundo kwa kidole gumba. Mlio ulipotoka watu wawili karibu na Godelieve waliruka. Yeye hakutikisika. Mlio huo aliujua, ulikuwa mlio wa kwao wa miaka ile, na mwili wake ulikuwa umejifunza zamani la kufanya nao: unasikia, unainama, unamshika mtoto, unakimbia. Moyo ulimwenda mbio ukatulia. Alishangaa kujikuta mzima.

Na alimwona mwanawe. Élysée aliishusha bastola, akaifungua, akageuka kuwatazama, na alikuwa anacheka. Hakikuwa kile kicheko chake cha ofisini, cha mdomo tu. Mabega yalikuwa yameshuka. Godelieve hakumbuki lini aliyaona mabega yale yameshuka, labda kabla ya shule, labda hakuwahi. Alimpungia mkono. Kwa dakika chache alikuwa na furaha, na aliona haya kuwa na furaha mahali kama pale.

Vizibo vya masikio vilikuwa vikimbana juu ya kilemba. Élysée alipochukua ile ndogo, Yasini alimwambia Godelieve kwa ishara kwamba hii haina shida, akiwa nyuma ya kioo anaweza kuvilegeza kidogo. Akavilegeza.

Ilisema pa.

Ubao mwembamba. Kreti iliyoteleza. Ikasema tena, na tena, bila haraka, na kila iliposema Godelieve alikuwa nyuma ya pazia na hatoki. Alitafuta benchi kwa mkono bila kuliangalia, akakaa. Mwanamke mmoja Mzungu alimletea maji katika kikombe cha karatasi, akayashika bila kunywa.

Élysée alimaliza, akaja mbio, uso umebadilika.

"Nimekuona, mama. Umekaa. Ni ile kubwa, siyo? Imekushtua."

"Nimechoka tu."

"Hapana, nimekuona." Alimwinua taratibu, akamrudisha kwenye meza ya kitambaa cha kijani, ambako Yasini alikuwa ameshazilaza tena zote mbili. "Tumeshamaliza. Nachukua ndogo. Nilitaka ile ya zamani, siwezi kukudanganya, lakini hii inatosha. Sipendi uishi nyumba moja na kitu kinachokutisha."

"Huyo ndiye mtoto," Yasini akasema, na alikuwa amefurahi kwa dhati. "Mtoto anayemfikiria mama yake. Na amechagua vizuri. Itabaki hapa kwetu mpaka polisi watoe leseni yake, halafu mnaifungia kwenye sefu ukutani, hata hutakumbuka ipo. Ndogo haina kishindo, mama. Hata ikipigwa chumba cha pili, wewe hutasikia kitu."

"Chukua kubwa," Godelieve akasema.

Élysée alidhani hakusikia vizuri. "Mama?"

"Nimesema chukua kubwa. Hiyo ndogo haiingii nyumbani kwangu."

"Lakini kubwa ndiyo iliyo—"

"Sikuogopa kubwa. Kubwa inasema ni bunduki. Mtu akiisikia anatupa alichoshika, anatoka mbio." Sauti yake ilikuwa imepanda, na watu wa meza ya jirani wakageuka. "Hiyo yenu ya makopo mtu anapigwa nayo dukani, na aliyeko nyuma ya pazia anadhani ni kreti ya soda. Anakaa. Anasema, ataiokota mwenyewe."

Hakuwa amekusudia kulitaja pazia. Lilitoka pamoja na mengine, na lilipokwisha kutoka aliona uso wa mwanawe ukilifuata polepole, mpaka ukalifikia.

Élysée alikuwa ameichukua ile ndogo, imefunguliwa, mdomo wake ukielekea ukutani kama alivyofundishwa.

"Nyuma ya pazia kulikuwa na nani?" akauliza.

Yasini aliinama, akaanza kufuta ile kubwa, ambayo ilikuwa safi tayari. Godelieve alikuwa na majibu. Angeweza kusema jirani, angeweza kusema mpangaji, amedanganya polisi na mchungaji, angeshindwaje na mtoto wake mwenyewe. Lakini alikuwa amechoka na uongo ule kuliko alivyowahi kuchoka na njaa.

"Mimi," akasema.

"Wewe ulikuwa Mayfair."

"Sikuwa Mayfair."

Élysée aliiweka bastola juu ya kitambaa cha kijani kwa uangalifu mkubwa. Alimwambia Yasini kwamba atampigia simu, akamshukuru, akatangulia kwenda kwenye gari. Hakumshika mama yake mkono kwenye ngazi, na Godelieve alishuka peke yake akishikilia ukuta, kitenge kizuri kikikwama kwenye viatu.

Njiani Godelieve alingoja mwanawe apige kelele. Alikuwa tayari kwa kelele, alizitaka, angezijibu kwa kelele zake na wangelia na mambo yangekwisha namna hiyo. Élysée aliendesha kwa adabu, akiwaachia teksi zipite, mikono miwili kwenye usukani. Walipita vilima vya mchanga, wakapita maduka ya matairi na makanisa ya mabati. Pale mji unapoanza kubanana roboti, taa ya barabarani, ikawaka nyekundu, akasimama.

Alisema akiangalia mbele. Alisema kwa Kiingereza, lugha anayoitumia na wateja wa bima na watu wote wasio wa nyumbani. Alitaka kujua ilichukua muda gani, tangu aliposikia mpaka alipotoka.

Godelieve alielewa kila neno. Dakika moja, angeweza kusema. Dakika moja ingetosha kwa wote wawili, na hakuna mtu aliye hai wa kuipinga.

"Tulikuwa tukiuza chipsi," akamjibu kwa Kiswahili. "Nilikuwa na ndoo ya viazi vya kumenya. Niliimaliza."